Siku ya tatu mpe jembe: jibu kwa mama wa miaka 62 anayetaka kusafiri ng'ambo

Swali: Nina umri wa miaka 62. Nilistaafu mwaka jana baada ya miaka 34 ya kazi ya uhasibu, mume wangu alifariki miaka minne iliyopita, na watoto wangu watatu wana maisha yao. Sijawahi kuvuka mpaka wa nchi yangu. Tangu msiba ule naamka kila asubuhi nikijiuliza siku hii ni ya nini, na wazo linalonirudia ni kusafiri ng'ambo peke yangu kwa miezi kadhaa na kufungua ukurasa mpya. Binti yangu mkubwa anasema huko ni kutapatapa kwa sababu ya huzuni, na kwamba umri huu ni wa kutulia na kucheza na wajukuu. Nina kisukari na natumia insulini. Je, nimechelewa? Na kama sijachelewa, nianzie wapi?

Jibu:

Mama, shikamoo. Hujachelewa. Naomba hata hivyo uniwie radhi nikisema kwamba, kwa miaka zaidi ya ishirini niliyofanya kazi ya kuwashauri watu waliovuka miaka 55 kuhusu safari ndefu, swali la umri nimeliona kuwa ndilo jepesi kuliko yote, na sikumbuki safari hata moja iliyoharibika kwa sababu hiyo. Gumu ni lile ambalo hukuliuliza: ukishafika huko, asubuhi ya siku ya nne, ukiwa umekwisha kuyaona yaliyokupeleka, utaamka ufanye nini? Umeniandikia kwamba nyumbani unaamka ukijiuliza siku ni ya nini. Swali hilo halihitaji viza. Litapanda ndege pamoja nawe, na huko litapata nafasi kubwa zaidi ya kukusumbua, kwa kuwa hakutakuwa na jirani wa kukugongea mlango.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa zaidi kumkumbusha mgeni kwamba hawezi kukaa bure siku zote, lakini mimi hupenda kuisoma kwa upande wa mgeni mwenyewe, kwa sababu aliyepewa jembe ndiye anayeanza kuacha kuwa mgeni. Karibu kila nitakachokuambia hapa kinatokana na jambo hilo moja, yaani utafute jembe lako kabla hujatafuta tiketi.

Nikupe mfano wa mwanamke ambaye habari zake nimezirudia mara nyingi katika kazi hii. Ida Pfeiffer alizaliwa Vienna mwaka 1797, na mwaka 1820 aliolewa na mwanasheria aliyemzidi umri kwa miaka 24. Mume alipopoteza wadhifa wake familia iliingia katika dhiki, na mama huyo akawa anafundisha muziki na uchoraji ili wanawe wawili wapate kula na kusoma. Mwezi Machi 1842, watoto wakiwa wamekwisha kujitegemea na yeye akiwa na miaka 44, aliandika wosia, akaweka mambo yake sawa, kisha akapanda meli ya mvuke kwenye mto Danube. Aliokuwa akiwaaga aliwaachia waamini kwamba angeishia Istanbul, maana kama angetaja Yerusalemu wangemzuia. Alifika Yerusalemu, akaenda Misri, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi kwake.

Kama habari ingeishia hapo, angekuwa mama mmoja aliyekwenda kuhiji na kurudi. Lakini njia nzima alikuwa akiandika daftari. Mwaka 1844 daftari hilo likawa kitabu, tena bila jina lake katika toleo la kwanza, na mapato yake yakamsaidia kwenda Iceland mwaka 1845. Kabla ya safari hiyo ya pili alijifunza kupiga picha kwa mitambo ya wakati ule, na alipokuwa huko alikusanya mimea na wadudu. Mikusanyo ya namna hiyo baadaye aliiuza kwa majumba ya makumbusho, ikawa njia yake ya kupata nauli. Akaizunguka dunia mara mbili, kuanzia 1846 hadi 1848 na tena kuanzia 1851 hadi 1855. Vyama vya wanajiografia vya Berlin na Paris vilimpa uanachama, wakati kile cha London kilikuwa bado hakipokei wanawake. Alifariki Vienna mwezi Oktoba 1858 kutokana na homa aliyoipata katika safari ya Madagaska, na hilo sikufichi, kwa sababu safari za wakati ule zilikuwa na bei yake. Ninachotaka ukione ni kwamba Yerusalemu ilimpa sababu ya kuondoka nyumbani, na daftari ndilo lililompa maisha mengine.

Ukiwatazama wengine utaona jambo lilelile kwa sura tofauti. Marianne North, Mwingereza aliyeishi na kusafiri na baba yake mpaka baba huyo alipofariki mwaka 1869, alianza safari zake za peke yake mwaka 1871 akiwa na miaka 40, na kila alikokwenda alichora mimea. Picha zake zaidi ya 800 zimo hadi leo katika jengo lililofunguliwa kwa ajili yake mwaka 1882 kwenye bustani za Kew, London. Alexandra David-Néel, Mfaransa, aliondoka Tunisia mwaka 1911 akimwambia mumewe kwamba angerudi baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, akarudi baada ya miaka 14, na katikati ya hayo alikuwa ameingia Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mwaka 1924, akiwa na miaka 55, amevaa kama ombaomba aliye njiani kwenda kuhiji. Aliweza kujificha hivyo kwa sababu alikuwa ametumia miaka mingi kujifunza Kitibeti. Lillian Carter, mjane na muuguzi, mama wa Jimmy Carter aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alijiunga na Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, mwaka 1966 akiwa na miaka 68 na kupelekwa India, karibu na jiji ambalo wakati huo liliitwa Bombay, kufanya kazi ya afya. Barbara Hillary, Mmarekani mweusi aliyestaafu uuguzi na kupona saratani ya matiti na kisha ya mapafu, alifika Ncha ya Kaskazini mwaka 2007 akiwa na miaka 75 na Ncha ya Kusini mwaka 2011 akiwa na miaka 79. Kabla ya hapo alilazimika kujifunza kuteleza kwenye theluji na kuwaomba watu fedha za safari, kazi ambayo naamini ilikuwa ngumu kuliko baridi yenyewe.

Niseme pia kwamba sipendi jinsi wanawake hawa wanavyotumiwa kama mabango ya kuwatia wengine moyo. North alikuwa na mali ya urithi, na David-Néel aliendelea kutumiwa fedha na mume aliyemwacha nyuma. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akaondoka kwa ujasiri mtupu. Sikutajii habari zao ili uone kwamba yote yanawezekana. Nimezitaja kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono au kwa akili kila siku, na kitu hicho kilikuwa kimeanza kabla ya safari.

Somo hili mimi mwenyewe nililipata kwa kukosea. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilimpangia safari mwanamke wa miaka 66, wiki sita katika miji saba, na niliuonea fahari mpango ule kwa sababu kila treni iliungana na nyingine bila kupoteza hata nusu siku. Alinipigia simu kutoka mji wa nne. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sanduku likiwa bado limefungwa sakafuni, kwa kuwa, kama alivyoniambia, hakuona faida ya kulifungua na kulifunga tena keshokutwa. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: tangu aondoke nyumbani hakuna mtu aliyemuuliza jambo lolote isipokuwa namba ya chumba chake. Tulifuta miji mitatu iliyobaki. Alibaki palepale, akajiandikisha katika darasa la ufinyanzi ambalo aliliona kupitia dirishani alipokuwa akitafuta duka la dawa, na wiki ya pili akaniandikia kwa furaha kubwa kwamba mwalimu amemkaripia kwa kufanya kuta za chungu kuwa nene mno. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakimhurumia, wakimsifu na kumpisha kiti. Hakuna aliyekuwa akimdai chochote, na sasa kuna mtu aliyemdai chungu chembamba.

Naamini hapo ndipo ulipo ukweli wa hiki tunachokiita kuanza upya ugenini. Nyumbani watu wanakujua kwa majina uliyopewa na maisha: mke wa fulani, mama wa fulani, sasa mjane wa fulani, na kila anayekutazama anakutazama kupitia majina hayo. Ugenini majina hayo hayatangulii mbele yako. Utalazimika pia kuamua mambo madogo mengi ambayo kwa miongo mingi yaliamuliwa na ratiba ya ofisi au ya familia, kama vile saa ya kula, njia ya kupita na mtu wa kumwamini. Uamuzi mmojammoja hauna uzito, lakini ukijumlishwa kwa wiki nane unamrudishia mtu mazoea ya kuamua. Hayo hayatokei kwa mtu anayehamishwa kutoka hoteli moja hadi nyingine na basi la watalii. Kwa hiyo, mama, chagua mahali pamoja au pawili tu, ukae wiki sita au zaidi, na uwe na shughuli inayokutaka ufike mahali fulani saa fulani.

Shughuli gani? Wewe ni mhasibu, na nashangaa kwamba katika barua yako umelitaja hilo kama jambo lililokwisha. Mashirika madogo ya hisani duniani kote yana watu wengi wa kupiga picha na kucheza na watoto, na yana wachache mno wa kuweka vitabu vya hesabu sawa kabla mkaguzi hajafika. Mpango wa Watu wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa mwaka 1970 na wenye makao yake Bonn, huchukua watu wenye taaluma na una pia kazi za kujitolea kwa njia ya intaneti, ambazo unaweza kuanza nazo ukiwa kwako ili uone kama unaziweza na unazipenda. Angalizo moja ni kwamba nchi nyingi huhesabu kazi ya kujitolea kuwa ni kazi hata kama hulipwi, na anayeifanya kwa viza ya utalii anaweza kurudishwa. Uliza ubalozi kwa maandishi. Na jihadhari na wanaokutoza fedha ili ukakae wiki mbili na watoto kwenye kituo cha yatima. Watoto wale huumia kila mgeni waliyemzoea anapoondoka, na baadhi ya vituo hivyo huwepo kwa sababu wageni wanalipa.

Kujifunza lugha ni jembe jingine zuri sana kwa umri wako, tena la bei nafuu kwa kulinganisha, kwa sababu darasa la asubuhi linakupa wenzako, mwalimu wa kukusahihisha na kisingizio cha kuzungumza na muuza magazeti. Wapo pia wanaopendelea kukaa na wenyeji. Mtandao wa Servas, ulioanza mwaka 1949, huwakutanisha wasafiri na wenyeji wanaowapokea nyumbani mwao bila malipo baada ya msafiri kuhojiwa, na mjane asiyependa kula peke yake huona tofauti kubwa.

Safari za ibada nazitaja kwa uangalifu kwa sababu hukuniambia dini yako. Uzuri wake ni kwamba zina ratiba na kazi ndani yake. Njia ya Santiago nchini Uhispania hutembewa na watu wa dini zote na wasio na dini, wanawake wakiwa katika miaka ya karibuni zaidi kidogo ya nusu, na anayetaka cheti cha mwisho anatakiwa kutembea angalau kilomita 100 akigongewa mihuri njiani. Si lazima kuitembea yote ya karibu kilomita 800 kutoka mpakani mwa Ufaransa. Kwa Hija, kwa miaka mingi mwanamke alitakiwa awe na mahram, yaani mume au ndugu wa kiume asiyeweza kumwoa, na aliyezidi miaka 45 aliweza kwenda na kundi akiwa na barua ya ridhaa. Mwaka 2022 waziri wa Hija na Umra wa Saudi Arabia alitangaza kwamba mwanamke anaweza kwenda bila mahram. Lakini kumbuka Juni 2024, joto la Makka lilipopita nyuzi 50 na nchi hiyo ikatangaza vifo vya mahujaji 1,301, wengi wao wakiwa wameingia bila kibali rasmi na hivyo kukosa mahema na mabasi yenye ubaridi. Kwa mtu mwenye kisukari, Umra katika miezi ya baridi ni jambo la busara zaidi kama mwanzo.

Hapo tunafika kwenye insulini yako, na juu ya hili sitaharakisha. Kisukari hakikuzuii kusafiri, ila hakikuruhusu kusafiri kwa kubahatisha. Insulini haiwekwi kamwe katika mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, kwa sababu inaweza kuganda, na ikishaganda imeharibika hata kama inaonekana salama. Inakaa katika mkoba wako wa mkononi pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la dawa, dozi na sababu ya kubeba sindano. Beba mara mbili ya kiasi utakachohitaji na ukigawe katika mikoba miwili ya mkononi. Ukilazimika kununua ugenini, soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa: sehemu kubwa ya dunia hutumia U-100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita, lakini kuna nchi, India ikiwamo, ambako U-40 bado inauzwa, na mtu akivuta insulini ya U-100 kwa bomba la sindano la U-40 akafuata alama zilizopo, atajidunga mara mbili na nusu ya dozi yake. Ukiruka kuelekea mashariki siku yako inafupika, na ukielekea magharibi inarefuka, kwa hiyo dozi ya insulini ya muda mrefu hubadilika siku ya safari. Mwombe daktari akuandikie saa kwa saa, na usiikokotoe mwenyewe ukiwa angani, hata kama wewe ni bingwa wa hesabu.

Ukichagua kutembea, kama vile njia ya Santiago ambako watu hufanya kilomita 20 au 25 kwa siku, sukari itashuka kuliko ulivyozoea, pengine hata usiku baada ya kupumzika. Miguu nayo ni jambo la kufa na kupona. Kisukari cha muda mrefu hupunguza hisia za nyayo, na lengelenge ambalo mwenzako angelilalamikia kwa saa mbili, wewe unaweza usilisikie mpaka limekuwa kidonda. Beba kioo kidogo, na kila usiku utazame nyayo zako na katikati ya vidole kabla ya kulala.

Mengine ya mwili nitayapitia kwa ufupi. Safari ya kukaa kitini kwa saa nne au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu takriban mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo hubaki ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000, lakini hupanda kwa mwenye unene mkubwa, aliyewahi kupata tatizo hilo, au anayemeza vidonge vya homoni ya estrojeni kwa ajili ya kukoma hedhi. Inuka, tembea, zungusha vifundo vya miguu, na umuulize daktari kama unahitaji soksi za kubana. Kuhusu homa ya manjano, cheti chake tangu mwaka 2016 ni cha maisha na huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo. Lakini anayechanjwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka 60 ana hatari kubwa zaidi ya madhara makali kuliko kijana, na hilo linaweza kuwa sababu ya kuchagua nchi isiyoidai. Mji ulio juu ya mita 2,500 humtaka mtu apande polepole. Na dawa zako zote ziache katika paketi zake za asili, kwani dawa ya maumivu yenye kodeini, ya kawaida kwingineko, huhitaji kibali cha awali katika Umoja wa Falme za Kiarabu.

Kuhusu binti yako, nadhani ana haki nusu. Huzuni ni huzuni hata baada ya miaka minne, na haina kalenda. Lakini iwapo hulali, chakula hakikupiti, na hata yale uliyoyapenda zamani hayakugusi tena, huenda ni sonona, na hiyo hutibiwa. Muone daktari kabla ya safari, kwa sababu mtu mwenye sonona akiwa peke yake ugenini huzidiwa. Kama bado kuna vitu vinavyokuchangamsha, basi neno kutapatapa si la haki. Usibishane naye kuhusu uhuru wako. Mpe majukumu: awe na nakala ya pasipoti, bima na orodha ya dawa zako, mkubaliane siku na saa ya kupigiana simu kila wiki, na mkubaliane pia kwamba siku nyingine zote hatapiga kila baada ya saa mbili kukuuliza umekula nini. Nimeona watoto wakali kabisa wakilainika baada ya kukabidhiwa bahasha yenye karatasi kumi zilizopangwa vizuri. Na karatasi, mama, ni fani yako.

Katika bahasha hiyo iwemo hati ya uwakilishi itakayomruhusu mtu mmoja unayemwamini kushughulikia benki na nyumba, na wosia, kama alivyofanya Pfeiffer. Pasipoti yako iwe na angalau miezi sita mbele ya tarehe ya kurudi, maana nchi nyingi zinadai hivyo. Nchi za Schengen, yaani zile nchi nyingi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yake, zinakuruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa nchi zote hizo kwa pamoja, jambo linalowakwaza wengi wanaodhani kwamba kuvuka kutoka Ufaransa kuingia Uhispania kunaanza hesabu mpya. Anayehitaji viza yao hutakiwa awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Katika kununua bima, taja kisukari chako hata kama fomu haijakiuliza waziwazi, kwa sababu ugonjwa uliofichwa ndio kisingizio cha kwanza cha kukataa kulipa, na usome mpaka wa umri, maana kampuni nyingi hupandisha malipo kuanzia miaka 65 au 70. Uulize mfuko wako wa pensheni kama hudai uthibitisho kwamba mstaafu yu hai, ni lini, na kama ubalozi unaweza kuuthibitisha, usije ukajikuta malipo yamesimama ukiwa mbali. Wanaokwenda peke yao hutozwa zaidi kwa chumba katika safari za makundi. Hilo linaudhi, na njia rahisi ya kulikwepa ni kukodi chumba kwa mwezi.

Nyumba usiiuze. Kuna nchi zinazowakaribisha wastaafu kwa viza za muda mrefu, kwa mfano Thailand kwa waliotimiza miaka 50 na Ureno kwa wenye kipato cha uhakika kama pensheni, na utakutana na watu watakaokushawishi kuhamia moja kwa moja. Waache waseme. Nimeweka sharti kwa kila ninayemshauri: hakuna kuuza, kununua, kuwekeza wala kuolewa mpaka uwe umerudi nyumbani na kukaa miezi sita. Wapo walionikasirikia kwa hilo, hasa kuhusu kuolewa. Pia usibebe sanduku, zawadi wala kifurushi cha mtu yeyote kuvuka mpaka, hata akiwa rafiki wa miezi mitatu, hata akiwa mpenzi anayesema ni nyaraka tu za urithi wake. Wanaosafirisha dawa za kulevya huwatafuta wanawake wa umri wako kwa makusudi, kwa sababu askari wa forodha huwaona kama mama zao, na majaji wa nchi nyingi hawaukubali utetezi wa kutojua.

Kununua tiketi ya kurudi nalihesabu kuwa sehemu ya safari yenyewe. Wengi waliorudi wakaniambia kwamba ugumu wa kweli ulianza wiki ya pili nyumbani, watu walipokwisha kusikiliza hadithi na kila mmoja kurejea kwenye shughuli zake. Aliyekwenda na jembe hurudi nalo. Yule mama wa ufinyanzi ana tanuri nyuma ya nyumba yake hivi sasa, na vyungu vyake, nimevishika mwenyewe, bado ni vizito kidogo.

Sasa uliuliza uanzie wapi. Kabla ya kulipa senti yoyote ya tiketi ya ndege, tafuta mji ndani ya nchi yako ambako hakuna anayekujua, ukakae huko siku kumi peke yako, na insulini yako, daftari, na ahadi uliyokwisha kuiweka na shirika moja dogo kwamba utawapangia vitabu vyao vya hesabu. Simu ya binti yako mara moja kwa wiki, kama mlivyokubaliana. Ukirudi niandikie, na usinieleze mji ulivyo. Nieleze uliamka saa ngapi siku ya nne, na ulifanya nini.